Nauli ya Kurudi Ni Yangu

Mwanangu ana maradhi ya kulinganisha. Yuko London miaka mingi, ana mke, ana watoto, ana kazi nzuri ya hospitali, na kwa hayo yote namshukuru Mungu. Lakini mtajie miji miwili huku ana simu mkononi, hatatulia mpaka akwambie upi ghali na upi rahisi. Siku aliyoanza kunishawishi nihamie kwake alinitumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko mawaidha ya Ijumaa. Nilikuwa barazani kwangu Chang'ombe, napepeta mchele, na nilimsikiliza mpaka mwisho kwa kuwa ni mwanangu, si kwa kuwa nilikuwa na hamu.

"Mama, shikamoo. Nimekaa nimepiga hesabu zako zote," alisema. "Bajaji, bodaboda, mwendokasi, pantoni. We unazunguka Dar nzima kama mtu anayegombea ubunge. Huku mzee akishakuwa mkazi, basi anapanda bure. Bure, mama! London yote hii hutoi hata senti. Sasa niambie mji gani ghali."

Nikamrudishia ujumbe mfupi. "Marahaba. Bure kwenda kwa nani?"

 Akanitumia picha ya jedwali alilolitoa mtandaoni, Dar upande huu na London upande ule: nauli ya basi, teksi, kikombe cha kahawa, chumba cha hoteli. Nilivaa miwani nikalisoma. Nisimsingizie mtu, halikuwa la uongo. Dar ilikuwa rahisi karibu kila mstari. Ila waliolitengeneza walimfikiria msafiri anayeshuka na begi lake mahali asipojulikana wala kungojwa na mtu. Mimi msafiri wa namna hiyo sijawahi kuwa, na kwa umri wangu sikuona sababu ya kuanza.

Kwani mimi ni mwosha. Mwanamke wa kwetu akifariki, kabla hajavikwa sanda na kuswaliwa, kuna mwanamke mwenzake anayemwosha, na katika sehemu kubwa ya Temeke huyo huwa ni mimi. Kazi nimeirithi kwa mama yangu. Haina mshahara, na mwosha anayedai ujira mimi namwona sawa na mtu anayeuza maji ya kutawadhia mlangoni mwa msikiti. Msiba ukitokea, uwe Mbagala, uwe Kimara, uwe Kigamboni, wafiwa humtuma mtu na chombo aje anichukue. Nauli hiyo hulipa wao. Maiti hangoji, na haifai mwosha aachwe kituoni anahangaika na chenji. Nauli ya kwenda ni haki ya marehemu.

Lakini kazi ikiisha, nikishanawa na kunywa kahawa yangu, mtu akinifuata na noti kiganjani, "Mama, ya kurudia hii," simpokelei. Kurudi najilipia. Mama yangu ndiye aliyenifunza hivyo. Alisema ukizoea kupokea ya kurudi, iko siku utaanza kuchagua misiba kwa umbali wake. Wapo wanaosema nina maringo. Acha waseme, siku yao ikifika nitawaosha vilevile.

Mwanangu haya yote anayajua, maana amekulia nyumba hii na amenifungulia mlango nikirudi misibani mara nyingi tu. London ndiyo imemsahaulisha. Katika hesabu zake alinitoza nauli zote, za kwenda na za kurudi, kama mtalii.

Na kuna jambo jingine ambalo hakuliweka kwenye jedwali lake. Nina shoga yangu Kigamboni, ambaye tumeosha pamoja tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Mimi naosha, yeye anamimina. Ana ulimi mkali kuliko wangu, na anayenijua mimi atashangaa kusikia kuna mtu namna hiyo. Siku moja, tumetoka msibani, tumesimama kwenye pantoni tunavuka, akaniuliza, "Hivi sie nani atatuosha?" Nikamwambia atakayebaki atamwosha atakayetangulia. Akacheka, akasema, "Haya, mwosha huoshwa." Maneno hayo watu huyatumia kutishiana, sie tukayafanya ahadi. Tukala yamini palepale katikati ya maji, na watu na mikokoteni yao wametuzunguka. Tuliapa kwa mzaha, lakini yamini ni yamini.

Basi mwanangu aliposema nihamie London, yeye aliona basi la bure. Mimi nilimwona shoga yangu kalazwa kwenye kitanda cha kuoshea, na mtu mwingine kashika kata.

Hata hivyo nilikwenda. Nilikwenda kutembea, sikuhama, na nilisema hivyo mbele ya mashahidi. Wajukuu nilikuwa nawajua kwenye kioo cha simu tu, na bibi hawezi kuishia kubusu kioo. Tiketi alinunua mwanangu. Sikubisha, kwenda natolewa. Shoga yangu alikuja kuniaga na kifurushi cha ubuyu wa wajukuu, akanikagua kuanzia ushungi mpaka viatu.

"Nenda kawaone watoto," alisema. "Mie sifi kabla hujarudi. Kufa na wewe hupo, ili hao wengine waniunguze na maji ya moto? Thubutu!"

London sitaitukana. Walinipokea vizuri, mkwe wangu ni mtoto wa Tanga mwenye adabu zake, na wajukuu walinigombania nilale chumba cha nani. Siku ya kwanza kupanda basi nilichomoa sarafu nikampa dereva kama mtu muungwana. Akatikisa kichwa. Nikamwongezea, nikidhani anaona ndogo. Mwanangu nyuma yangu akawa anacheka, akagusisha kadi yake mahali, ndipo tukapita. Wenyewe hela ya mkononi hawaitaki, iwe nyingi iwe kidogo. Tulikwenda kukaa ghorofani, kiti cha mbele kabisa, nikauona mji kama ndege anavyouona. Nilifurahi, siwezi kuficha.

Lakini furaha ya ghorofani ilikuwa ya mwisho wa wiki. Siku za kazi wote walitoka asubuhi, nami nikabaki na redio na dirisha. Mwanangu alinifundisha basi la kwenda na basi la kurudi, akanipa kadi akaijaza hela, akasema, "Mama, zunguka." Nikazunguka. Nilipanda mpaka mwisho wa njia, nikashuka, nikatazama, nikapanda nikarudi. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi wala nakwenda kwa nani. Kwangu Chang'ombe siwezi kutoka kununua chumvi bila kuamkiwa njia nzima, na nikipita na kanga mbili mtu ananyanyuka kwenye benchi: "Mama, shikamoo. Kuna msiba wapi?" Kule nilivaa kanga mbili ndani ya koti na hakuna aliyejua maana yake.

Msibani nilikwenda mara moja. Mama mmoja wa nyumbani alifariki, na mkwe wangu akanichukua kwenda kuhani. Marehemu alikuwa amelala kwenye jokofu siku kadhaa, yanangojwa makaratasi. Nilisogea kwa wenyeji nikawaambia mimi ni mwosha, kama wanahitaji mkono wangu upo. Wakanishukuru kwa heshima kubwa, wakasema pana mahali pake na watu wake, imeshapangwa. Nikarudi kukaa kwenye kochi. Sikuwalaumu, kila nchi na taratibu zake. Ila njiani kurudi mikono yangu nilikuwa nayo mapajani, na nakwambia nilihisi nimebeba mikono ya mtu mwingine.

Jioni ile nilimwambia mwanangu nimeshatembea, sasa nirudi. Hapo ndipo mambo yakafunguka. Akatazamana na mkewe, kisha akasema taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba tarehe ya kurudi kwenye tiketi aliiweka mbali kwa makusudi, kuna mtu anamshughulikia namna ya mimi kubaki, na nyumba ya Chang'ombe kashaipatia mpangaji.

"Nani kakwambia napangisha?" nilimuuliza.

"Mama, nataka nikutunze. Nikae huku, we uko peke yako kule, ukianguka bafuni nani atakuokota?"

"Chang'ombe? Nikianguka bafuni Chang'ombe wataniokota watu mpaka watagombana."

Nilikasirika, na nataka ijulikane kwamba nilikasirika. Kuna watu wanadhani mzazi akishazeeka hasira zake ni maradhi, anapewa maji anywe. Nilimpigia huyo mpangaji usiku uleule nikamwambia atafute kwingine. Mwanangu hakunisemesha siku ya pili yake, nami sikumbembeleza.

Tulikuwa tumeanza kusalimiana tena pale simu ilipopigwa kutoka Kigamboni. Alikuwa binti wa shoga yangu, mtu mzima na watoto wake, aliyeolewa Kimara.

"Mama mkubwa, shikamoo. Nimekatazwa kukupigia," alisema. "Mama yuko hoi. Hospitali wamesema turudi naye nyumbani. Anasema tusikusumbue, eti umekwenda mbali kwa wajukuu. Lakini kila akisikia mlango anauliza kama ni wewe."

Nilimwambia mwanangu abadilishe tarehe. Akatoa simu yake, akaangalia, akaangalia tena, akaniwekea hesabu mezani. Kubadilisha ilikuwa karibu sawa na kununua tiketi nyingine. Kisha, Mungu amsamehe, akaanza kulinganisha.

"Mama, kwa hela hii ungevuka Kigamboni mpaka pantoni ichakae. Hebu tungoje wiki mbili tatu, bei zinashuka. Na anaweza akapata nafuu."

"Na asipopata?"

"Asipopata..." Alijikuna kichwa. "Mama, waosha wako wengi."

Mtu mwingine angesema hivyo ningecheka. Aliyesema ni mtoto niliyekuwa nikimwacha kitandani alfajiri ili nikawaoshe mama za watu, na wala hakuwahi kulia nikitoka. Yaliniuma, nami nikamwambia yameniuma. Nikamwambia London yake na Dar yangu azilinganishe kwa kila kitu, basi, kahawa na hoteli, lakini atafute kwanza ndege inayotoka huku baada ya simu ya msiba na kufika kabla ya maziko. Kwetu mtu akifa asubuhi, akichelewa sana amezikwa alasiri. Hakuna tiketi ya safari hiyo, hata uwe na hela za kujaza pantoni. Nauli ya kufika kwa shoga yangu inalipwa akiwa bado hai, au hailipwi kabisa.

Akasema atafikiria. Mimi sikuwa na la kufikiria.

Nilikuwa na bangili za dhahabu alizonivika marehemu mume wangu. Kesho yake, mwanangu akiwa bado kazini kwake, nilimwambia mkwe anipeleke kunakouzwa dhahabu. Mtoto wa Tanga hakuniuliza kitu. Alivaa viatu, akanishika mkono, tukapanda basi mpaka mtaa wenye maduka ya sonara yamebanana. Ya mkono wa kulia ilikataa kutoka, mkono ulikuwa umeizoea, ikabidi sonara atuletee sabuni. Mkwe alinisugua taratibu na machozi yanamtoka. Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza kwamba bangili hizi marehemu alinipa nijipambe nazo, na mtu akizitumia kutimiza yamini kajipamba pia.

Mwanangu aliporudi nilimwekea hela mezani, juu ya simu yake.

"Nini hii?"

"Nauli. Nikatie tiketi."

Akaitazama mikono yangu mitupu, uso ukambadilika. "Mama, unanidhalilisha. Mie nina hela! Ningelipa, nilisema nitafikiria tu. Kwa nini unifanyie hivi mbele ya mke wangu?"

"Najua unazo, na Mungu akuzidishie," nikamwambia. "Kuja umenitoa, nakushukuru. Kurudi najilipia."

 Nikaona maneno yamemfika, yale aliyoyasikia mlangoni tangu utotoni. Akainamisha kichwa. Akazitoa zile noti juu ya simu, akaifungua, akanikatia tiketi bila kulinganisha bei hata moja.

Dar nilifika mchana wa jua kali, na koti la London bado liko begani. Sikupita Chang'ombe. Nilichukua bajaji na mabegi yangu, tukapita darajani moja kwa moja mpaka Kigamboni. Shoga yangu alikuwa kwenye godoro ukumbini, kabaki macho na ulimi. Alinitazama kuanzia ushungi, akashuka mpaka mikononi, macho yakasimama hapo.

"Bangili ziko wapi?"

"Nimezifanya nauli."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika na binti yake akaja kumwinua. "Mjinga we," akasema alipopata pumzi. "Na nikipona je?"

"Ukipona utaninunulia nyingine."

Hakupona, lakini hakuwa na haraka pia. Nilivuka kwenda kwake karibu kila siku. Nauli nilitoa mwenyewe, ya kwenda na ya kurudi, na jambo hilo lilimchekesha kila nilipoingia. "Unaumia, eeh? Subiri nife ndiyo upandishwe bure." Nilimwambia akifa kwa ajili ya kunipunguzia nauli sitamwosha masikio. Watu waliokuja kumjulia hali walitukuta tunacheka namna hiyo wakadhani tumepotewa na akili. Pengine. Lakini sie wawili tumewaosha wengi, na tulijua wazi kilichokuwa kinakuja. Tuliamua kukipokea tukiwa tunazungumza.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia barazani, bajaji ikasimama mbele yangu. Dereva ni kijana wa Kigamboni, nilikuwa namwona kijiweni karibu na kwa shoga yangu. Alivua kofia. Kofia ile ilinitosha, nikaweka ufagio chini.

"Mama, shikamoo. Nimetumwa nije nikuchukue."

Nilivaa kanga zangu, nikabeba mkoba wangu. Tulipokaribia daraja nikamuuliza kama wafiwa wameshampa nauli, maana asubuhi ya msiba watu husahau.

"Nimeshalipwa, mama. Siyo leo," alisema, akitazama mbele. "Amenilipa marehemu mwenyewe, wiki iliyopita. Aliniita hadi kitandani. Akasema siku nikisikia, nisingoje kutumwa na mtu, nije Chang'ombe moja kwa moja."

 Akaendesha kidogo, halafu akaongeza:

"Nikamuuliza na ya kukurudisha je? Akasema hiyo nisithubutu kuipokea. Eti utanitukana mimi na yeye."

Hapo ndipo nililia, tangu darajani mpaka mlangoni kwake. Kijana wa watu hakugeuka nyuma.

Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu, si ya moto. Nafasi ya kumimina ilikuwa yake siku zote, nami nilipoinua macho kumtafuta mtu wa kushika kata, binti yake kutoka Kimara alikuwa kashaishika. Maji yalikwenda yanapotakiwa. Nikamwelekeza sauti ya chini, hapa, sasa upande wa kushoto, taratibu mwanangu, na akafuata bila kuniuliza mara mbili. Tulimaliza, tukamtia karafuu maiti, tukamvika. Alizikwa baada ya adhuhuri. Kaka mkubwa wa marehemu alinifuata na noti imekunjwa kiganjani, nikamrudishia mkono wake.

Nilirudi kwa pantoni, kwa hela yangu. Tulikuwa katikati ya maji mwanangu alipopiga. Alinipa pole, akaniombea, kisha kwa sauti ya mtu anayeogopa kofi akasema, "Mama, ahadi umeitimiza sasa. Wa kukuosha wewe katangulia. Umebaki na nani kule? Njoo basi ukae na sisi."

Nikamwambia wa kuniosha kapatikana leo, yuko Kimara, na nauli ya kumleta Chang'ombe nitamwachia dereva mimi mwenyewe.

"Wewe," nikamwambia, "tafuta ya kwako. Na uje ningali hai, maana nikishakufa sie hatungoji mtu."

 Akaniuliza mwezi gani wajukuu wangependa kuja, wa mvua au wa maembe.